Gari ya mbio kwa bei ya pikipiki mbili: hesabu ya garaji inaanzia Kabalo

Chini ya mwembe mmoja, karibu na stesheni ya Kabalo, kuna motokari nyekundu ya milango miwili ambayo haijasogea tangu mvua zilipoanza. Ni Toyota Celica, ile ya toleo la mwisho, yenye taa zilizochongoka kama macho ya paka. Mipira imelala, kuku wanataga chini yake, na mwenyewe akipita hapo juu ya pikipiki ya rafiki yake anageuza uso upande wa reli.

Alifanya kazi ya taksi-moto kwa miaka mitano. Zamu yake ya likelemba ilipofika, aliuza pikipiki yake, akaunganisha feza, akaenda Kalemie na dola 3.200. Alirudi na gari. Siku iliposhushwa kutoka kwenye vagoni, anasema, watu walipiga nayo picha hata kabla haijawashwa. Kwa bei ya pikipiki mbili mpya alikuwa amepata gari ya mbio.

Alitupatia daftari lake tulisome. Katika miezi tisa alilipa hivi: radiateri na gasketi ya kichwa cha moteri, dola 180. Amortisa nne za okazi, 240. Rotili na silembloki za mbele, 110. Mipira minne, nayo ya okazi, 160. Mafuta ya moteri, 120. Kuchomelea karteri iliyopigwa na jiwe, 25. Sensa moja ya moshi, 60. Halafu moteri nyingine kutoka Dar es Salaam, 750, usafiri wake 130, na kazi ya fundi 200. Jumla ni dola 1.975. Hapo hatujahesabu karte roze, plaki, asiransi wala esansi. Na gari bado iko chini ya mwembe.

Hatuandiki hii kwa kumcheka. Picha za gari kama ile zinazunguka kwenye simu za vijana wa hapa kila wiki, na wengine wametuuliza waziwazi kama wanunue ao waache. Maoni yetu ni haya: bei inayotangazwa ni ya mabati na rangi. Bei ya gari yenyewe inaanza kulipwa siku inapogusa barabara yetu. Na sehemu kubwa ya bei hiyo si kosa la kijana. Ni deni la wanaokusanya feza ya barabara bila barabara kuonekana, na la wanaopiga muhuri wa kontroli tekiniki bila kuinama kutazama freni.

Kwa nini gari nzuri hivyo inauzwa rahisi hivyo? Jibu linaanzia Japani. Huko kila motokari binafsi ikiwa mpya inapimwa baada ya miaka mitatu, halafu kila miaka miwili, na kipimo ni kikali, kinakula feza. Gari ikizeeka, mwenyewe anaona ni heri kuiuza nje kuliko kuitengeneza ipite. Celica ya macho ya paka ilianza kutoka kiwandani mwaka 1999, na ya mwisho kabisa ilitoka mwaka 2006. Maana yake hata ile iliyo changa kuliko zote imeshapita miaka 15. Muuzaji anaposema «haijatumika sana», mnunuzi akumbuke kwamba mpira, plastiki na nyaya vinazeeka hata gari ikilala ndani ya nyumba.

Majirani zetu wamejifungia milango yao. Kenya haipokei gari ya okazi yenye kupita miaka 8. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Kwetu, serikali ilitia sahihi dekri mwaka 2012 iliyokataza kuingiza gari zenye kupita miaka 10. Kila msomaji anayesimama dakika tano kwenye bandari ya Kalemie anaweza kujihesabia mwenyewe umri wa gari zinazoshuka pale. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilitoa ripoti mwaka 2020: kati ya 2015 na 2018 gari ndogo za okazi milioni 14 ziliuzwa toka nchi tajiri kwenda nchi nyingine, na karibu asilimia 40 zilikuja Afrika. Zilizokataliwa kwa jirani lazima zipate pa kwenda.

Wafaransa wanaita gari ya namna hii kupe. Kwa Kiswahili kupe ni mdudu anayekunywa damu ya ng'ombe polepole, naye ng'ombe anaendelea kula majani. Tunaliacha hapo.

Tuingie kwenye moteri, maana ndipo feza ya wengi inapopotelea. Celica hiyo ina moteri za aina mbili, zote za litre 1,8. Ya kawaida inaitwa 1ZZ. Ni moteri inayojulikana sana, maana Toyota waliiweka pia ndani ya Premio, Allion na Wish, gari ambazo mafundi wa Kalemie na Lubumbashi wanazifungua macho yamefumba. Hiyo ni baraka. Lakini zile zilizotengenezwa kabla ya 2003 zina ugonjwa wao unaojulikana dunia nzima: zinakula mafuta. Matundu ya kurudisha mafuta kwenye pistoni ni madogo, yanaziba kwa masizi, pete za pistoni zinakwama, na mafuta yanapanda kuungua pamoja na esansi. Mwanzoni hakuna kelele, hakuna taa inayowaka. Unaona tu moshi wa bluu kidogo asubuhi, ao baada ya kusimama muda mrefu moteri ikinguruma.

Tupime kwa njia yetu. Reli toka Kabalo mpaka Kalemie ina kilometa 273. Kwenda na kurudi ni 546. Moteri iliyochoka inayokula litre moja kila kilometa 1.000, na ziko zinazokula kuliko hapo, inamaliza zaidi ya nusu litre kwa safari moja ya urefu huo. Karteri inabeba chini ya litre 4. Shofere asiyevuta kijiti cha kupimia mafuta kwa safari nne anaendesha na nusu ya mafuta, kwenye joto, kwa vitesi ya kwanza na ya pili, ndani ya mchanga. Safari ya tano moteri inagonga. Kijana wetu ndivyo alivyoipoteza ya kwanza. Anakubali kwamba hakuwa anapima. Kwenye pikipiki hakuna aliyemfundisha kupima kila asubuhi, na aliyemuuzia hakufungua mdomo.

Moteri ya pili, ile ya mbio kweli, inaitwa 2ZZ. Hiyo hatumshauri mtu yeyote wa Kabalo. Inabana hewa na esansi kwa nguvu sana, 11,5 kwa 1, kwa hiyo inataka esansi ya hali ya juu. Hapa esansi yetu tunainunua kwa Kadhafi, ndani ya chupa, na hakuna anayejua imekaa juani siku ngapi wala imechanganywa na nini. Moteri hiyo ikinyweshwa esansi mbaya inagonga ndani, na kwa zile za miaka ya kwanza kuna boliti mbili ndogo juu ya kichwa cha moteri zinazoliwa mpaka nguvu ya mbio inapotea kabisa. Umenunua gari ya mbio. Unabaki na gari ya kawaida inayokula sana.

Wengine wanaulizia Mazda RX-8, nayo ya bei ndogo na umbo la kuvutia. Tujibu kwa ufupi: moteri yake haina pistoni, ina kipande cha pembe tatu kinachozunguka, na kwa asili yake inachoma mafuta kidogo kila inapotembea. Ikichoka haiwaki ikiwa na moto. Kuifungua kunataka fundi aliyejifunza hiyo tu. Yule fundi, kama yuko, hayuko kwenye mstari wa reli yetu.

Turudi kwenye Celica na moteri iliyotoka Dar es Salaam. Kijana alifanya kama wengi wanavyofanya: badala ya kubadilisha pete za pistoni, alinunua moteri nzima ya okazi. Wazo si baya. Moteri ya Premio ni ndugu wa moteri ya Celica. Lakini ndugu si pacha. Ilipofika, bomba za kuingiza hewa zilikuwa tofauti, viungo vya nyaya havikuingiliana na vile vya gari, na sensa mbili zilikuwa zimekatwa na mkasi huko ilikofunguliwa. Fundi alijaribu kuunganisha nyaya kwa rangi. Moteri iliwaka, ikazima, taa ya moteri ikabaki inawaka. Tangu hapo wanangojea kompyuta ya gari, na kompyuta inangojea feza.

Njia ya kipande kimoja mpaka hapa ndiyo inayofanya bei iwe bei. Kinatoka Sharjah ao Japani mpaka Dar es Salaam, kwenye maduka ya Kariakoo na Gerezani. Kinapanda barabara ao reli mpaka Kigoma. Kinavuka ziwa mpaka Kalemie, kinapita dwani, kinangojea treni, ao kinafungwa nyuma ya pikipiki kupitia Nyunzu. Upande mwingine kinatoka Lubumbashi kupitia Kamina, siku treni ikiwapo. Kila anayekigusa anaongeza kidogo. Tena usipokosea kuagiza, kwa sababu kurudisha hakuna. Vipande vya ndani ya moteri vinapatikana kwa kuwa ni vya Premio pia. Lakini taa ya mbele ya Celica ni ya Celica peke yake. Kioo cha mbele, mlango, bampa, vilevile. Mbuzi mmoja akikuvunjia taa kule njiani, unaweza kutembea usiku na taa moja kwa miezi.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji wanalipitia haraka. Gari hizi za Japani zina usukani upande wa kuume, nasi Kongo tunaendesha upande wa kuume wa barabara. Ndani ya Noah ao lori shofere anakaa juu, anaona mbali. Ndani ya Celica unakaa karibu na udongo. Ukitaka kupita lori, lazima utoe gari karibu yote upande wa pili kabla hujajua kama kuna anayekuja. Wako mafundi wanaohamisha usukani kwa kukata ukuta wa moteri na kuchomelea. Kazi hiyo inagusa usukani na freni, vitu viwili ambavyo vikikatika huna cha kutengeneza tena. Tumeona kazi nzuri na tumeona kazi ya kutisha, na kwa macho ya mnunuzi zote mbili zimepakwa rangi ileile nyeusi.

Na mfuko wa hewa. Karibu kila gari ya Japani ya miaka hiyo ina mfuko ndani ya usukani unaopasuka kuokoa kifua cha shofere wakati wa ajali. Mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ilirudishwa viwandani kwa mamilioni, milioni 67 kwa Marekani peke yake, kwa sababu dawa iliyo ndani inaharibika ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu, halafu inapasua chuma na kumrushia mtu vipande usoni. RX-8 ilikuwa kwenye orodha. Corolla na Vitz za miaka fulani pia, gari ambazo tunazo hapa. Joto na unyevu: ni nani anayeishi kando ya Lualaba anayehitaji kuelezwa? Gari iliyouzwa kutoka Japani kabla ya kubadilishiwa mfuko haitapata barua ya kuitwa Kabalo. Mwenye gari anaweza kuchukua namba ya shasi na kuiangalia bure kwenye ukurasa wa mtengenezaji, kwa simu yake. Ni dakika mbili za mtandao, siku mtandao ukipatikana.

Sasa barabara. Turudi kwenye daftari: amortisa, rotili, silembloki, karteri, mipira. Ni dola 535 kati ya 1.975, na hakuna hata moja kati ya hizo inayotokana na ubaya wa gari. Chini ya Celica na udongo hakuna nafasi ya shubiri kamili. Ilitengenezwa kwa lami. Mtu anaweza kusema: basi asingeinunua. Ni kweli, tumemwambia hivyo pia. Lakini muulize mwenye Land Cruiser wa hapa anabadilisha amortisa mara ngapi. Muulize mwenye pikipiki kuhusu rimu zake. Barabara ya Kabalo kwenda Nyunzu na Kalemie inakusanya kodi yake kwa kila mtu. Mwenye gari ya chini analipa mapema tu.

Kodi nyingine tumeshailipa. Sheria ya Julai 2008 ilianzisha FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara. Katika kila litre ya esansi na mazutu inayoingia nchini kwa sheria kuna sehemu inayokwenda kwenye mfuko huo, pamoja na feza za peaji. Chupa ya Kadhafi, kama esansi yake ilipita dwani, imeshailipia barabara yetu kabla haijamiminwa kwenye tangi. Kwa hiyo tunauliza serikali ya jimbo, kule Kalemie, jambo moja lisilo la siasa: itangaze na kubandika kwenye ofisi ya teritwari ya Kabalo, ni kiasi gani cha FONER kimefika Tanganyika mwaka huu, kwa barabara gani, kilometa ngapi, na nani amepewa kazi. Kama ni sifuri, iandikwe sifuri.

Kuhusu kontroli tekiniki, hatutaki iongezwe bei. Tunataka ifanyike. Gari iinuliwe. Freni zishikwe. Usukani uliohamishwa utazamwe kwenye maungio yake. Ile Celica ilipata karatasi zake zote siku moja, na kijana anasema aliyezipiga muhuri hakutoka kwenye kiti. Kwa gari nyepesi inayofikia kilometa 180 kwa saa huko ilikotengenezwa, na ambayo hapa inapita katikati ya watoto wanaotoka shule kando ya reli, muhuri wa namna hiyo unaweza kuua.

Mafundi wetu nao tuwatendee haki. Wanafanya maajabu na spana tatu. Lakini gari za baada ya mwaka 2000 zinazungumza kwa kompyuta. Ukichomeka kifaa kidogo cha kusomea makosa chini ya usukani, gari inakuambia yenyewe sensa gani imekufa. Bila kifaa, fundi anabadilisha kitu kimoja kimoja kwa feza ya mteja mpaka abahatike. Ile sensa ya dola 60 ilibadilishwa bure, kosa lilikuwa waya. INPP iliundwa mwaka 1964 kwa kazi hiyohiyo ya kufundisha watu ufundi. Mwalimu mmoja, kifaa kimoja, mwezi mmoja Kabalo: mafundi kumi wangeokoa feza za mji mzima. Nao mafundi wakikubali kuchanga, kifaa cha kwanza wanaweza kukinunua wenyewe bila kungojea mtu wa Kinshasa.

Na wewe uliyeshika dola zako za likelemba na bado unaitamani? Hatuwezi kukukataza, hata mwandishi wa mistari hii alisimama mbele ya ile nyekundu muda mrefu kuliko kazi ilivyomtaka. Nenda asubuhi, kabla moteri haijawashwa, uikute baridi. Ukiikuta tayari ina moto, rudi kesho. Vuta kijiti cha mafuta mwenyewe. Iwashe, iache ingurume dakika kumi, halafu kanyaga esansi rafiki yako akitazama nyuma: moshi wa bluu ukitoka, mpe muuzaji mkono na uondoke. Lala chini utazame kama karteri imechomelewa. Soma mwaka kwenye kibao cha shasi, si kwenye mdomo. Halafu usitoe feza yote. Anayeweza kulipa dola 3.200 tu hawezi kununua gari ya dola 3.200, anunue ya 2.000, ao abaki na pikipiki, ambayo fundi wake yuko kila kona na vipande vyake vinauzwa sokoni.

Kijana wa mwembe amepata mnunuzi, mtu wa Kongolo aliyeiona kwenye simu. Alituuliza kama ni lazima amwambie habari ya mafuta na ya kompyuta. Tulimjibu ndiyo, yote, hata kama bei itashuka. Alinyamaza, akafuta vumbi kwenye taa moja na mkono wa shati lake. Mnunuzi anangojewa na treni ijayo.